Nilikunyonyesha Vumbi

Hargeisa, 4 Oktoba 1976

Dada yangu Ambaro,

Barua hii ikukute mzima, na Mama mzima, na lile goti lake limeacha ukaidi. Mimi sijambo. Nimenenepa hata, usicheke. Idi niliisherehekea kwa watu, nikala mikate ya watu, na ilipofika saa ya kumwagiwa samli nilikukumbuka wewe unavyoimwaga bila huruma, machozi yakanitoka mbele ya wageni. Kazi yangu bado ni ileile ya dukani, kutengeneza redio na kunakili kanda. Nisamehe kwa kukaa kimya miezi mitatu. Egal dereva alipita mara mbili akauliza kama nina barua, na mara zote mbili nilikuwa sina hata karatasi.

Kosa si langu peke yangu, ni la mji huu. Dada, watu wa hapa wana wazimu wa maneno! Fundi cherehani wa jirani yetu anashona huku anaghani, na akifika pale panapomgusa anasimamisha mashine, suruali ya mteja inangoja. Muuza nyama anakuuliza kama umeisikia gabay ya fulani, shairi lake jipya, na ukisema hujaisikia anakufungia mifupa. Jumba la michezo ya kuigiza linajaa mpaka watu wanakaa madirishani. Alasiri tunakusanyika chumbani kwa Mzee Rirash, mito ya kuegemea ukutani, chupa za chai, miraa, ubani, mashine ya kanda katikati. Hapo mtu akighani hakuna anayekohoa. Kabla ya mstari wa kwanza lazima useme shairi ni la nani, mwana wa nani, na lilimtoka kwa sababu gani. Usiposema, wanakuzuia. Ukikosea neno moja, watu watatu wanakurudisha. Nimemwona mtu mzima mwenye mvi akiambiwa avae viatu vyake aende kwa sababu alibadilisha nusu mstari. Alitoka akilia, na mimi mwenyewe sikumhurumia.

Kwao mimi nina jina. Kichwa hiki ambacho Baba alisema hakifai hata kuhesabu mbuzi kimehifadhi mashairi mia moja na kumi na saba, na wakiniona mlangoni wanasema, "Diriye wa Odweine, ingia utupe!"

Ila kuna kitu kinanichoma. Yote ninayowapa ni ya watu. Mji umenijaza hamu, nikikaa dukani natazama wanawake wanavyovuka ule mto mkavu na vikapu vyao, moyo unafura, nashika kalamu, na hakuna kinachotoka. Mwezi mzima sijapata hata mstari mmoja. Nataka siku moja niingie chumba kile na kitu ambacho hakuna aliyekisikia. Mama aliniambia kwamba ukiwa unakamua peke yako unaghani kitu chako mwenyewe, na kwamba si buranbur kama za wanawake, kina mwendo wa gabay, ule wa wanaume. Nitumie, dada. Sasa unajua kuandika.

Mdogo wako,
Diriye


Odweine, 29 Oktoba 1976

Diriye mwenye kichwa kikubwa,

Salamu zako zimefika na tumezigawana. Mama anasema kunenepa si habari, habari ni kuoa. Goti ni lilelile. Mvua ilinyesha siku mbili, ikakumbuka kwamba ina shughuli kwingine. Kibanda changu cha chai bado kimesimama kando ya njia ya malori, na asubuhi nakaa na wenzangu kwenye safu ya wauza maziwa. Mume wangu yuko Jedda bandarini. Hajaandika tangu Ramadhani.

Ndiyo, najua kuandika. Wale wanafunzi walioletwa mwaka wa ukame walinifundisha kambini, kwa mkaa, juu ya kipande cha boksi la maziwa ya unga. Nilikuwa na siku ishirini na mbili tangu nimzike Idil. Waliponiuliza nataka kuandika neno gani kwanza niliandika jina lake, kwa kuwa halikuwa limeandikwa popote. Unajua tulimzika njiani, kati ya kisima na kisima, tukampangia mawe. Mwaka jana nilirudi kumtafuta. Nchi ile yote ni mawe, Diriye. Nilizunguka tangu asubuhi mpaka alasiri nikisema labda hapa, labda pale, mwisho nikaomba dua nikielekea popote.

Kwa hiyo hilo unaloliita kitu ndilo kaburi lake. Mistari arobaini na miwili, na jina lake nimeliweka mara saba. Nilijaribu buranbur, lakini kila nilipoanza nilisikia makofi ya harusi. Nikachukua mwendo wa wanaume. Wakisema mwanamke hapiti huko, waseme.

Nakutumia kwa masharti mawili, na wewe unayajua kuliko mimi. La kwanza, utaje jina langu: Ambaro binti Warfa, mama yake Idil. La pili, usiguse neno. Hasa mstari wa ishirini na tisa, "Nilikunyonyesha vumbi, nikakufunika vumbi." Huo nilikaa nao miezi minne. Ukiona huwezi sharti mojawapo, nirudishie karatasi yangu wala sitakasirika.

Usile miraa bila kula chakula kwanza.

Ambaro


Hargeisa, 2 Desemba 1976

Dada yangu mpenzi,

Idi njema kwako na kwa Mama na kwa kila anayekunywa chai yako. Hapa sisi watu wanne tulichinja kondoo mmoja, nikapata kichwa, wakasema kichwa kwa kichwa.

Karatasi yako niliifungua dukani. Redio ya mtu ilikuwa mezani matumbo nje, na nilipomaliza kusoma niliunganisha waya nisizopaswa, ikatoa moshi. Shairi nililihifadhi lote kabla ya jua kuzama. Ijumaa nikalighani kwa Mzee Rirash. Sijui nikuelezeje. Fundi cherehani alijifunika shuka usoni. Mzee Rirash, ambaye sijawahi kumwona akiweka chini kikombe cha chai, aliweka chini kikombe, akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Rudia tena, na mtu awashe mashine."

Sasa nina nafasi yangu, upande wake wa kulia, karibu na mto mrefu wa kuegemea. Juzi mtu ambaye simjui alinisimamisha sokoni akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaenda zake. Mji huu, dada, ukiupa kitu cha kweli unakupokea.

Nimempa Egal kitambaa chako, cha rangi ya zafarani, na sukari.

Diriye


Odweine, 19 Desemba 1976

Diriye,

Kitambaa kimefika kizima. Sukari imefika nusu, Egal anasema njia ina mashimo. Mama anakusalimu. Mbuzi mmoja amezaa mapacha na hana maziwa ya kuwatosha.

Umeniambia nani alijifunika shuka, nani aliweka chini kikombe, na wewe unakaa karibu na mto gani. Hukuniambia walisema nini waliposikia jina langu. Gabay ya mwanamke, mbele ya watu waliomfukuza mzee kwa nusu mstari, na hakuna hata mmoja aliyebisha? Labda mji umekuwa mwema kuliko ninavyoukumbuka.

Niandikie walisema nini.

Ambaro


Hargeisa, 27 Januari 1977

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilishikwa na homa, halafu nikapona, halafu mwenye duka akasafiri, kazi yote ikaniangukia mimi. Baridi ya mwaka huu ni ya ajabu, asubuhi vidole havishiki bisibisi. Je, Mama anaitumia ile dawa ya kupaka? Aipake ikiwa ya moto. Na mume wako, kuna habari?

Kuhusu lile uliloniuliza, ni habari ndefu na karatasi ni fupi.

Jumba la michezo wameleta mchezo mpya. Unahusu mwanamume aliyerudi kutoka baharini akiwa tajiri, akakuta mchumba wake ameolewa na kaka yake. Mpiga udi ni kipofu, lakini waigizaji wakikosea anajua, anagonga mbao za udi wake kwa kidole, tak, na wanarudia. Anayeigiza mchumba ni binti mmoja mrefu, mwenye sauti iliyokwaruzwa kidogo, na akiimba unaona wazee waliooa mara nne wanatazama chini. Nimeuona mara tatu. Mara ya tatu nilitoka kabla haujaisha, sijui kwa nini, nikatembea mpaka darajani nikakaa.

Nakutumia tena sukari. Mwambie Egal nimeipima.

Diriye


Odweine, 8 Februari 1977

Diriye,

Karatasi yako fupi ilikuwa na upande mzima wa habari za mpiga udi.

Jumamosi Egal alisimamisha lori mbele ya kibanda, abiria wakashuka kunywa chai. Aliacha mlango wazi na kanda inazunguka. Nilikuwa nimeshika birika. Nikasikia sauti yako, nikafurahi, naapa, nilifurahi kwa muda wa pumzi moja. Ukasema, "Shairi hili limetungwa na Samatar bin Guled, Mungu amrehemu, akimlilia binti yake Idil."

Sikumwaga chai. Nilimimina vikombe tisa na vyote vilijaa sawasawa.

Abiria waliacha chai ikapoa. Egal alifuta macho kwa mkono wa shati, akaniambia, "Ambaro, si huyu alikuwa ami yenu? Maskini. Sikujua alikuwa na moyo wa namna hii."

Nikamwambia, "Ndiyo, alikuwa ami yetu."

Binti yake yupi, Diriye? Ami Samatar alizaa wanaume watano. Na mstari wa ishirini na tisa unasema, "Nilikulisha vumbi." Nilidhani sikusikia vizuri. Egal akanirudishia kanda nyuma, akiona napenda. Nilikulisha.

Mama alikuwa ndani. Sijamwambia. Nangoja uniambie mimi kwanza.

Ambaro


Hargeisa, 20 Februari 1977

Dada Ambaro,

Leo sina salamu. Ningekusalimu ungenitemea mate, na ungekuwa na haki.

Nitasema lilivyokuwa. Niliingia chumba kile nikiwa na jina lako mdomoni. Mzee Rirash aliuliza, "Shairi la nani?" Nikawatazama. Kulikuwa na wanaume kumi na saba, na mmoja wao wiki iliyotangulia alisema gabay ya mwanamke ni kama ndevu za mwanamke, wote wakacheka, na mimi nilicheka. Nikajua nikisema jina lako hawatalisikia shairi, watasikia mwanamke tu. Watalichekea kabla halijafika mstari wa kumi. Nikasema moyoni, bora liingie kwa mlango wa mtu mwingine kuliko libaki nje. Samatar alijulikana kwa kutunga. Alikuwa ami yetu, damu yetu, na alikuwa amekufa, hakuna wa kumuuliza. Jina lake lilinitoka kabla sijaamua. Sikuliona hata kuwa ni uongo, nilijiambia ni nguo ya kuazima, tutaivua baadaye.

Nilipofika mstari ule niliuona mbele yangu kama shimo. Samatar hawezi kunyonyesha. Nikasema nilikulisha, na hakuna aliyeshtuka. Niliporudi nyumbani nilichukua kalamu nikalikata neno lako palepale kwenye karatasi yako, nikaandika langu juu yake, nisije nikajisahau nikalighani vingine. Hilo ndilo ninalolionea haya kuliko yote, maana siku ile hapakuwa na mtu ananitazama.

Halafu wakalipenda. Kila walivyozidi kulipenda ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu. Kanda zimenakiliwa, nyingine nimezinakili mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Zimefika Burao, zimefika Berbera, zimevuka bahari. Juma lililopita limesikika redioni.

Angalau wanalijua, dada. Angalau halikufia kwako kwenye kukamua. Niambie nifanye nini.

Diriye


Odweine, 14 Machi 1977

Diriye,

Nimemwambia Mama. Akauliza, "Samatar?" Akaenda kulala mchana, jambo ambalo halifanyi.

Kuna jambo sikuwahi kukuandikia, kwa sababu wewe hukuwepo na yeye ni marehemu, na marehemu hasemwi. Sasa nitalisema mara moja.

Mwaka ule wa ukame tulikuwa njiani watu kumi na mmoja na ngamia mmoja wa mizigo aliyebaki. Idil alikuwa juu ya ngamia, nimemfunga kwa mikeka, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kukaa. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Siku ya tatu Ami Samatar alisimama akasema, "Ambaro, mshushe mtoto. Viriba vinahitaji nafasi." Nikamshusha. Nikambeba siku mbili. Kila alipolia nilimpa titi, na titi halikuwa na kitu, lilikuwa na vumbi la njiani, naye alilinyonya lile vumbi. Siku ya pili jioni aliacha. Samatar alichimba, alichimba vizuri. Akasema, "Mungu atakupa mwingine," akafunga kamba za viriba upya.

Simlaumu. Bila maji yale tungekufa sote, na yeye mwenyewe alikufa kambini baada ya mwezi. Lakini hakumlilia. Kati ya wanaume wote waliokufa nchi hii ungeweza kunichagulia mwingine, au ungesema mtunzi hajulikani. Mtoto wangu umempa yule yule aliyemshusha.

Unauliza ufanye nini. Nenda kwa Mzee Rirash. Sema shairi ni la Ambaro binti Warfa, mama yake Idil, na mstari wa ishirini na tisa ni nilikunyonyesha. Sema na mashine iwe inazunguka. Usiniandikie tena mpaka umesema.

Ambaro


Hargeisa, 30 Aprili 1977

Dada Ambaro,

Nimesema.

Nilikwenda Ijumaa, nikawasha mashine kwa mkono wangu. Nilisema yote, jina lako, jina la Baba, njia, ngamia, vumbi. Nikaughani mstari kama ulivyoutunga. Nilifika mwisho.

Mzee Rirash hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliniuliza taratibu, "Diriye, mwaka jana uliketi hapo hapo ukaapa ni la Samatar. Ulitudanganya siku ile, au unatudanganya leo?"

Nikasema, "Siku ile."

"Kwa hiyo wewe ni mtu anayedanganya kuhusu mashairi."

"Siku ile tu, mzee."

"Na tutaijuaje siku yenyewe?" akasema. "Sisi hatuna vitabu. Tuna vinywa vya watu. Kinywa kikisema uongo mara moja, hatuwezi kukipasua tuone upande upi ni wa kweli."

Yule wa ndevu za mwanamke akasema, "Dada yake ana hamu ya kusikika, na Samatar hawezi kujitetea." Fundi cherehani, rafiki yangu, alitazama sindano zake. Nikasema mwiteni mwenyewe awaghanie, mtajua. Wakasema kila mtu siku hizi anaweza kulighani, hata watoto wa shule. Nikawaambia Samatar hakuwa na binti. Wakasema watoto wangapi walikufa mwaka ule kabla hata majirani hawajawajua majina. Na hilo, dada, ni kweli.

Mzee Rirash akasimamisha mashine, akafuta nilichosema. Akaniambia nivae viatu.

Wana wa Samatar wamenitumia ujumbe pia. Wanasema baba yao hakuwaachia ngamia wala nyumba, amewaachia shairi hili, na atakayelichukua atawakuta. Mkubwa wao analia kila akilisikia. Anasema hakujua kuwa baba yake angeweza kumpenda mtoto kiasi kile.

Sighani tena. Hakuna anayeniomba, na wakiniomba sitaweza. Nilirudi kwenye lile jumba la michezo kusikiliza udi, nikasikia mbao tu na nyuzi. Mwenye duka amenihamishia nyuma, kwenye kuchomelea waya.

Nilikuambia mji huu ukiupa kitu cha kweli unakupokea. Sikuupa.

Diriye


Odweine, 21 Juni 1977

Diriye, mdogo wangu,

Mama hajambo, anatembea mpaka kwa jirani na kurudi. Masika ya mwaka huu yamekuja kama yalivyopaswa kuja yale mengine. Nyasi zinafika magotini, maziwa yamejaa mpaka tunakosa vyombo. Nawatazama mbuzi walivyonona na nashindwa kufurahi, naiambia mvua moyoni, sasa ndiyo unakuja.

Mume wangu ameandika. Amelisikia shairi huko Jedda, vibarua wa bandarini wanalo. Ananiuliza kama Samatar alikuwa na binti mwenye jina kama la wetu. Sijamjibu. Kila nikianza barua naishia kwenye salamu.

Usiende tena kwa wazee wale, na wana wa Samatar waache. Huyo mkubwa wao namkumbuka, alikuwa mtoto mwenye hofu, na kama analia kwa furaha sitaki kumnyang'anya.

Nikueleze lililotokea Jumatatu, halafu tusilizungumze tena. Nilikuwa kwenye safu yetu ya maziwa. Karibu nami alikaa mgeni wa upande wa Burao, Hodan jina lake, mwanamke mchangamfu, ana mtoto mgongoni. Akimimina maziwa anaghani. Alikuwa analighani lile, na vizuri, mwendo wake haukuyumba. Alipofika kwenye mstari wa ishirini na tisa, akasema nilikulisha. Mdomo wangu ulinitangulia. Nikasema, "Nilikunyonyesha."

Akanigeukia. "Unasemaje, dada?"

"Nilikunyonyesha vumbi. Ndivyo mstari ulivyo."

Akacheka, wala si kwa ubaya. "Hapana, dada yangu. Ni nilikulisha. Hili ni la Samatar. Mwanamume atanyonyeshaje?"

Safu nzima ikacheka. Mwingine akasema, "Angekuwa anaweza, sisi tungelala!" Wakacheka zaidi. Hodan akadhani nimeona haya, akanishika mkono. "Usijali. Hata mimi mwanzo nilikuwa nakosea. Sema pamoja nami."

Ningeweza kumwambia. Nilifungua kinywa kabisa. Lakini nilijua atakachoniuliza baada ya hapo, ataniuliza shahidi wangu ni nani, na shahidi wangu ni wewe.

Nikasema pamoja naye. "Nilikulisha vumbi, nikakufunika vumbi." Akasema, "Unaona? Si vigumu." Tukaendelea mpaka mwisho, yeye mbele, mimi nyuma. Jina la Idil alilitaja mara saba. Hakuruka hata moja, na kwa hilo nilimshukuru, nikamjazia kibuyu chake maziwa asijue ni kwa nini.

Tangu siku ile nikikamua na kulighani peke yangu, linanijia vile alivyonifundisha. Narudi nyuma, najaribu tena, ulimi unakwenda kulekule. Miezi minne nilikaa na neno lile, na mwanamke mmoja mwema ameniondolea kwa asubuhi moja.

Ile karatasi yangu ya mwaka jana, kama hujaitupa, mpe Egal aniletee. Hata kama neno langu umelikata. Nitaishika juani, nilitafute chini ya wino wako.

Dada yako,
Ambaro